Maswali Yenu Kuhusu Ndege: Vipanga wa Msituni, Kutoka Njoro Hadi Kakamega

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, na karibu zote zinauliza habari za ndege mbuai wanaoishi mitini. Jina "mwewe" limetumika ndani ya barua hizo kwa ndege wasiopungua watano, kwa hiyo tuelewane kwanza. Mwewe katika majibu yetu ni yule mwenye mkia wenye panda anayezunguka juu ya masoko na majaa. Hao wengine ni vipanga: mabawa mafupi ya mviringo, mkia mrefu, miguu myembamba, na mwendo wa kupiga mabawa mara chache kisha kuteleza. Umbo hilo ndilo linalowawezesha kupinda katikati ya matawi kwa kasi. Kila kipanga tunayemtaja tumempa jina lake la kisayansi mara ya kwanza, ili anayetaka kumtafuta zaidi ajue pa kuanzia.

*Kwenye mikaratusi ya mpaka wa shamba letu kuna ndege wawili wanaoshinda pamoja. Mmoja ni mkubwa, mgongo wa kahawia. Mwingine ni mdogo, mgongo wa kijivu kilichokoza. Wote wana mistari ya kukingama kifuani na macho ya njano. Jirani yangu anashikilia kuwa ni aina mbili. Wiki hii ametokea wa tatu, tumbo jeupe lenye madoa meusi. Ni aina ngapi? — Msomaji, Njoro*

Ni aina moja. Mkubwa wa kahawia ni jike, mdogo wa kijivu ni dume, na huyo wa madoa ni ndege mchanga, yaelekea ni mtoto wao. Wote watatu ni kipanga-msitu (Aerospiza tachiro), kipanga anayeonekana zaidi kwenye misitu na mashamba ya miti ya nyanda za juu, na jirani yako hana haja ya kuona haya, kwa sababu tofauti ya jike na dume katika ukoo huu imewapotosha wengi.

Kwa ndege mbuai wengi jike humzidi dume ukubwa, na kwa vipanga tofauti hiyo ni kubwa mno. Mchukue kipanga mweusi (Astur melanoleucus), ambaye ndiye mkubwa kuliko vipanga wote wa Afrika: dume huwa na uzito wa gramu 430 hadi 490, jike gramu 650 hadi 980. Kipanga-msitu anafuata utaratibu huohuo kwa kiwango cha chini kidogo. Jike wa aina ndogo anaweza kukaribiana na dume wa aina kubwa, na ukimwona peke yake juu ya tawi, bila kitu cha kumlinganisha naye, jicho halikupi kipimo cha kuaminika. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba ukubwa uandikwe mwisho.

Anza na kiuno, yaani pale mgongo unapokutana na mkia. Ndege akiruka kukukimbia, hapo ndipo utakapoona kwa sekunde moja au mbili, na sekunde hizo zinatosha. Kipanga-msitu hana weupe kiunoni. Rangi ya mgongo inaendelea moja kwa moja hadi mkiani. Ukiona mkanda mweupe, umeshamwacha kipanga-msitu na uko kwa mwingine, na tutamfikia katika swali linalofuata.

Kisha tazama katikati ya mkia kwa juu. Dume wa kipanga-msitu ana madoa meupe, mara nyingi mawili, yaliyopangana kwenye manyoya ya katikati, na huonekana anapoukunjua mkia. Halafu tazama uso. Jicho la ndege mzima ni la njano, lakini ile ngozi tupu iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua, si ya njano: ni ya kijivu yenye ukijani kidogo. Alama hiyo ndogo hupuuzwa, nayo ni ya thamani, kwa sababu vipanga wengine wengi wa kwetu wana ngozi ya njano au nyekundu mahali hapo. Miguu ni ya njano.

Kifuani, dume ana mistari myembamba ya kukingama yenye wekundu wa kutu, na ubavuni wekundu huo huzidi. Jike ana mistari ya kahawia, mipana kidogo na iliyoachana zaidi.

Mchanga ana sura nyingine kabisa. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo ni jeupe au la rangi ya maziwa, na madoa yake yana umbo la tone la maji, mapana upande wa chini. Kooni ana mstari mmoja mweusi wa wima unaoshuka katikati. Jicho lake huanza likiwa la kahawia na kugeuka njano polepole, kwa hiyo jicho la kahawia halimwondoi kwenye aina hii. Mchanganye na mchanga wa kipanga mweusi, ambaye naye hupenda mikaratusi, na utapata shida. Yeye ana michirizi mirefu ya wima badala ya matone, tumbo lake laweza kuwa jeupe au la kutu, na hana mstari kooni. Koo ndiyo ya kuitazama kwanza ukimkuta mchanga wa aina yoyote ametulia.

*Hapa Kisumu kuna kipanga mdogo wa kijivu anayekaa kwenye nyaya za umeme na juu ya mwarobaini, akivizia mijusi. Nimesoma kwamba kipanga-msitu hula mijusi. Ndiye huyo? — Msomaji, Milimani, Kisumu*

Kwa maelezo hayo hatudhani ni yeye. Ni kweli kipanga-msitu hula mijusi, pia ndege, panya, vyura na wadudu wakubwa, lakini yeye huvizia akiwa ndani ya majani. Kukaa wazi kwenye waya mchana kutwa si tabia yake. Waliopo mezani ni wanne, na kwa bahati nzuri kila mmoja ana alama isiyomilikiwa na mwenzake.

Wa kwanza ni shikra (Tachyspiza badia), na ndiye tunayemweka mbele. Urefu wake ni sentimita 26 hadi 30 hivi. Mgongo wake ni kijivu chepesi, kifua kina mistari mingi myembamba sana ya rangi ya kutu iliyofifia, kiasi kwamba kwa mbali huonekana waridi. Jicho la dume mzima ni jekundu. La jike huelekea rangi ya chungwa. Manyoya mawili ya katikati ya mkia hayana alama yoyote, na kiunoni hana weupe. Anapenda miti iliyoachana, bustani na mashamba, na mijusi ndiyo chakula anachokitegemea.

Wa pili ni kipanga gabar (Micronisus gabar), wa migunga na nchi kavu kuelekea Nakuru na Baringo, ingawa hutokea kwingine. Koo na kifua vyake ni kijivu kitupu, mistari huanzia tumboni. Miguu na ngozi ya mdomo ni nyekundu au ya chungwa, na kiuno ni cheupe kwa upana, weupe usioweza kuukosa akiruka. Wapo wa rangi nyeusi mwili mzima, hao weupe wa kiunoni hawana, lakini miguu inabaki na wekundu wake. Jozi za ndege huyu hubeba buibui wanaoishi kwa makundi na kuwaweka kiotani, nao hukifunika kiota kwa utando.

Wa tatu ni kipanga-mjusi (Kaupifalco monogrammicus). Mnene kwa umbo, kichwa kikubwa, koo jeupe lenye mstari mmoja mweusi wa wima katikati. Mkiani ana mkanda mweupe mmoja uliokaza. Ukiona mstari wa koo kwa ndege wa kijivu, si wa kahawia, ndiye huyu, kwa sababu mstari huo kwake ni wa utu uzima, ilhali kwa kipanga-msitu na shikra ni alama ya wachanga.

Wa nne ni kipanga mdogo (Tachyspiza minulla), mwenye urefu wa sentimita 20 hadi 27 na uzito usiofika gramu 110. Huyu ndiye anayechanganywa zaidi na dume wa kipanga-msitu, maana naye ana madoa mawili meupe mkiani. Yeye ana mkanda mwembamba mweupe kiunoni na ngozi ya mdomo ya njano. Mwenzake hana mkanda, na ngozi yake ni ya kijivu. Madoa ya mkia peke yake hayatoshi kumtaja yeyote kati ya hawa wawili, na picha nyingi tunazotumiwa zikiwa na jina lisilo lake zimeandikwa kwa kutegemea madoa hayo tu.

Asubuhi jua likiwa nyuma yako, simama mahali utakapoliona jicho. Likiwa jekundu na katikati ya mkia hakuna alama, andika shikra bila wasiwasi.

*Tunafundishwa kwamba msitu wa Kakamega ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya aina ya Kongo. Je, kipanga wa hapa ni yule wa Kongo au ni wa Kenya nzima? Nimemwona mmoja ambaye kifua chake kilikuwa chekundu karibu chote. — Mwalimu wa sekondari, Shinyalu*

Mwalimu, hoja yako ina msingi. Kakamega ina ndege kadhaa ambao huwezi kuwapata penginepo nchini kwa sababu ya asili hiyo. Kwa kipanga, hata hivyo, mpaka umepita mbali zaidi magharibi.

Kipanga-msitu ameenea kutoka nyanda za juu za Ethiopia, kupitia Uganda, Kenya na Tanzania, hadi kusini kabisa mwa Afrika Kusini, na magharibi hadi Angola. Ndani ya eneo hilo kuna nususpishi kadhaa, yaani matawi ndani ya spishi (aina) moja. Ya Kenya ni sparsimfasciata, na kisiwa cha Pemba kina ya kwake, pembaensis. Ndege wa Kongo na Afrika Magharibi ni Aerospiza toussenelii. Alihesabiwa na wataalamu wengi kuwa nususpishi tu ya kipanga-msitu, lakini orodha nyingi za leo humpa nafasi ya spishi kamili. Eneo lake linaishia mashariki ya Kongo na magharibi ya Uganda. Orodha ya ndege wa Kenya haina ndege huyo. Kakamega, Kaimosi, Nandi, Mlima Elgon, Cherangani na Mau zote ni za kipanga-msitu.

Sasa huyo wa kifua chekundu. Dume wa kipanga-msitu akiwa na wekundu mwingi ubavuni, na mwanga wa msituni ulivyo hafifu, mistari hupotea machoni na kifua chote huonekana kimepakwa rangi moja. Tafuta mistari katikati ya tumbo kwa darubini. Ikiwepo hata kwa kufifia, swali limeisha. Ikiwa kweli hakuna mstari hata mmoja, fikiria kipanga kifua-kutu (Accipiter rufiventris): mgongo wa kijivu-bluu uliokoza, mashavu na sehemu ya chini yote rangi ya kutu isiyo na mistari, jicho la njano na ngozi ya mdomo ya njano. Huyo ni wa nyanda za juu zaidi. Mau, Elgon na Cherangani ndiko mahali pake hasa, kwenye misitu inayopakana na nyasi au mashamba. Kakamega, kwenye mita 1,500 hadi 1,700, hatungemwandika bila picha inayoonyesha mashavu na ngozi ya mdomo.

Kumbukumbu za shule yako zinaweza kuisaidia ramani ya nchi. Mradi wa Kenya Bird Map, unaochora ramani ya ndege wa nchi, umeigawa Kenya katika miraba ya dakika 5 za latitudo kwa dakika 5 za longitudo, ambayo ni kama kilomita 9 kwa 9. Orodha kamili ya mraba mmoja inahitaji saa 2 za kutazama kwa uchache, ukipita katika mazingira yote yaliyomo: msitu, kijito, shamba, mji. Unaweza kuendelea kuiongeza hadi siku 5. Andika ndege kwa mpangilio uliowaona. Usimwache yeyote kwa kuwa ni wa kawaida, na usimweke yeyote usiye na hakika naye. Orodha yenye mashaka yaliyofichwa huiharibu ramani kuliko mraba mtupu, maana mraba mtupu utatembelewa na mtu mwingine.

*Kitabu cha chama chetu cha ndege kinamwita Accipiter tachiro. Programu ya simu inasema Aerospiza tachiro. Kwa shikra tofauti imefika hadi mwisho wa jina: badius, sasa badia. Tuandike lipi, na nani aliamua? — Wanachama, Nakuru*

Andikeni jipya, na kwenye safu ya maelezo wekeni la zamani pamoja na jina la orodha mliyoifuata na mwaka wake. Kumbukumbu isiyosema imefuata orodha gani humsumbua atakayeisoma miaka 20 ijayo.

Kiini cha mabadiliko ni hiki. Jenasi ni kundi la spishi zilizo jamaa, nalo ndilo neno la kwanza la jina la kisayansi. Jenasi Accipiter, iliyoundwa na mtaalamu Brisson mwaka 1760, ilikuwa imekusanya spishi zipatazo 50, nyingi kuliko jenasi yoyote ya ndege mbuai wa mchana. Ziliwekwa pamoja kwa kufanana: mabawa mafupi, mkia mrefu, uwindaji wa mitini. Kanuni ya uainishaji inataka jenasi iwe na babu mmoja na wazao wake wote, bila kumwacha nje hata mmoja. Uchunguzi wa vinasaba ulipofanywa, ilibainika kwamba wale ndege mbuai wa mabwawani na nyasini wa jenasi Circus, wanaoruka chini juu ya mafunjo wakipepesuka, wamo katikati kabisa ya ukoo wa Accipiter. Baadhi ya vipanga ni ndugu wa karibu zaidi na hao wa Circus kuliko na vipanga wenzao. Mabawa mafupi na mkia mrefu, basi, havikuwa ushahidi wa undugu wa karibu. Ni umbo la tangu kale ambalo Circus waliliacha walipohamia nchi wazi.

Palibaki njia mbili: kuwaingiza Circus wote ndani ya Accipiter, au kuigawa Accipiter. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Biological Journal of the Linnean Society ulipendekeza kugawa, na orodha ya Clements ya ndege wa dunia, ambayo ndiyo eBird, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege, huitumia, ikakubali mwaka huohuo. Tunaona ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu jenasi moja yenye vipanga wote na Circus wote isingemwambia msomaji lolote la maana kuhusu ndege aliye mbele yake.

Kwa hapa kwetu matokeo ni haya. Kipanga-msitu amekwenda Aerospiza, jenasi iliyokuwa imeundwa na Roberts mwaka 1922 na kuachwa kabatini. Kipanga mweusi amekwenda Astur, pamoja na vipanga wakubwa wa Ulaya na Amerika. Shikra na kipanga mdogo wamekwenda Tachyspiza. Kipanga kifua-kutu amebaki Accipiter, kwa kuwa yeye ni ndugu wa karibu wa kipanga wa Ulaya ambaye ndiye msingi wa jenasi hiyo. Gabar haguswi na haya. Alikuwa na jenasi yake tayari, na jamaa zake wa karibu ni vipanga wa nyika wa Melierax, wale wa kijivu wenye miguu mirefu myekundu.

Mwisho wa jina hubadilika kwa sababu ya sarufi ya Kilatini. Jina la spishi likiwa kivumishi, lazima lifuate jinsia ya jenasi. Accipiter ni la kiume, Tachyspiza ni la kike: badius likawa badia, minullus likawa minulla. Astur ni la kiume, hivyo melanoleucus halikuguswa. Tachiro si kivumishi, kwa hiyo limebaki lilivyo. Daudin ndiye aliyemwelezea ndege huyu mwaka 1800, akimwita Falco tachiro. Mkiona jina la Daudin limewekwa ndani ya mabano, Aerospiza tachiro (Daudin, 1800), mabano hayo yanaeleza kwamba jenasi ya leo si ile aliyoitumia yeye. Msiyaondoe.

Kumbukumbu mlizokwisha kuweka eBird hubadilishwa zenyewe. Daftari na jedwali la kompyuta ni kazi yenu: ongezeni safu mpya, msifute ya zamani.

*Kila asubuhi juu ya msitu nasikia "krit… krit… krit" kutoka angani, lakini simwoni ndege. — Msomaji, Nandi Hills*

Ni kipanga-msitu akitangaza eneo lake. Hupaa juu sana baada ya mapambazuko, akipiga mabawa taratibu na kuteleza kwa zamu, na hutoa sauti hiyo kila baada ya sekunde 2 au 3. Wengi hutazama vilele vya miti ilhali yeye yuko juu maradufu. Chukua darubini ya 8x42, anzia kwenye wingu au ukingo wa kilima ili upate kulenga umbali, kisha fagia anga taratibu kwa mistari. Siku ya anga tupu la buluu ni ngumu zaidi. Sauti ya aina hiyo ikitokea kichakani chini, usiihesabu bila kumwona mwenyewe, kwa sababu kurumbiza wa msituni ni hodari wa kuiga ndege wengine.

*Nimepoteza vifaranga na mitetea miwili. Majirani wanasema niweke sumu kwenye nyama. Ni ndege gani anayefanya hivi na nimzuie vipi? — Mfugaji, Molo*

Usiweke sumu. Itaua mbwa, paka, bundi na yeyote atakayekula mzoga, na kipanga, anayependa windo hai, huenda asiiguse kabisa. Pia ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013.

Soma kwanza mabaki. Kipanga hunyonyoa: utakuta duara la manyoya mahali pamoja, yameng'olewa mazima na shina lake, na nyama ya kifua imeliwa kwanza. Manyoya yakiwa yamekatwa kwa meno, mashina yametafunwa au kichwa kimeng'atwa, mtafute nguchiro, kanu au paka. Kifaranga aliyetoweka bila unyoya hata mmoja mara nyingi amebebwa na mwewe au kipanga-msitu. Kuku aliyekua akikutwa amenyonyolewa na kuliwa palepale, hasa karibu na mikaratusi, mtuhumiwa ni jike wa kipanga mweusi, ambaye kwa kawaida huishi kwa njiwa na hua.

Vifaranga wakae ndani ya uzio uliofunikwa juu hadi watimize wiki 8. Juu tumia wavu ambao upande mmoja wa tundu hauzidi sentimita 5. Nyavu kuukuu kutoka Kisumu zinafaa kwa bei, lakini zile za mbuta zina matundu makubwa mno: ndege huingiza kichwa na bawa, hunasa, na utakuwa na kipanga anayekufa juu ya kuku wako. Ukaze wavu kila upande juu ya nguzo zilizoachana mita 2, usining'inie. Kwa pembeni, sentimita 40 za chini ziwe za waya wenye matundu ya nusu inchi, kwa sababu kipanga hupitisha mguu na kumvuta kifaranga aliyelala karibu na ukingo. Kosa hili ndilo tunaloliona zaidi: paa zuri, ubavu wa matundu mapana.

Kuku wakubwa wanaozurura wapewe vichaka vya kukimbilia, visiachane zaidi ya mita 5 au 6. Kipanga huja kwa shambulio moja la ghafla kutoka mitini. Akikosa mara ya kwanza, kwa kawaida huondoka. Wafungulie jua likiwa limepanda kidogo, maana asubuhi mapema ni saa yake ya kuwinda.

*Mikaratusi yangu imekomaa na mnunuzi wa mbao yuko tayari. Kuna kiota kikubwa cha vijiti kwenye panda la mti, na ndege mweusi mwenye tumbo jeupe. Je, nikate? — Msomaji, Kapsabet*

Huyo ni kipanga mweusi: mweusi juu, mweupe chini, weusi ubavuni, jicho jekundu la divai akiwa mzima. Tazama kwanza kama kiota kinatumika. Majani mabichi yaliyowekwa juu ya vijiti, mavi meupe ardhini chini ya mti na manyoya ya njiwa yaliyotapakaa ni dalili kwamba ndiyo. Usipande kuchungulia, jike akifukuzwa, mayai hupoa na kunguru huyafikia haraka.

Mayai ni 2 hadi 4. Hulaliwa kwa siku 34 hadi 38, na makinda hukaa kiotani siku 37 hadi 50 nyingine. Hata wakiruka, hurudi kulishwa karibu na kiota kwa zaidi ya mwezi. Ukiona jike amelala tu na hakuna makinda yanayoonekana, hesabu miezi minne kuwa salama. Ukiona makinda yenye manyoya ya kahawia yakisimama ukingoni, miezi miwili inatosha.

Kama mnunuzi hawezi kungoja, kubalianeni kwa maandishi aanzie upande wa mbali na aache mti wa kiota pamoja na yote iliyo ndani ya mita 50 kuuzunguka hadi muda huo upite. Piga alama ya rangi kwenye kila shina la kubaki, pande mbili, kwa urefu wa kifua, kwa sababu wenye misumeno hawatakuwepo mnapoelewana. Jozi hii hurudia viota vyake au hujenga kingine jirani, kwa hiyo ukiweza kuacha miti 10 au 15 ya kudumu pale pale, utaendelea kuwa nao.